Kipokezi cha LDL na historia ya kuzuia kiharusi

Kipokezi cha LDL ni protini iliyochomoza kwenye utando wa nje wa seli, hasa seli za ini. Kazi yake ni kunasa chembe za LDL zinazosafirisha lehemu katika damu, na kuziingiza ndani ya seli. Lehemu, ambayo wengi huiita kolesteroli, haiyeyuki katika maji, ndiyo maana husafiri imefungwa ndani ya chembe hizo. Vipokezi vikipungua, chembe hukaa kwenye damu muda mrefu, hupenya kuta za ateri na kujenga tabaka gumu la mafuta. Tabaka hilo likipasuka katika ateri ya shingo, bonge la damu huweza kuchukuliwa hadi kwenye ubongo na kuziba mshipa. Hicho ni kiharusi cha kuziba. Kipo pia kiharusi cha kuvuja, ambacho mshipa wenyewe hupasuka, na kuchanganywa kwa aina hizi mbili kuliwapoteza watafiti kwa miaka mingi.

Kwamba lehemu hudhuru mishipa kulijulikana zamani kuliko kipokezi. Mwaka 1913 Nikolai Anitschkow, mjini St. Petersburg, aliwalisha sungura lehemu safi na kuona ateri zao zikishika mafuta. Mwishoni mwa miaka ya 1930 Carl Müller, tabibu wa Oslo, alieleza habari za koo za Norway ambamo lehemu nyingi, vinundu vya mafuta kwenye kano na ugonjwa wa moyo vilirithiwa pamoja. Katika miaka ya 1960 Avedis Khachadurian alichunguza familia za Lebanon akiwa Beirut, akatenganisha waliorithi jeni mbovu kwa mzazi mmoja na waliorithi kwa wazazi wote wawili. Hao wa pili huweza kupata mshtuko wa moyo wangali watoto. Jeni hiyo ilivuruga kitu gani mwilini, hakuna aliyejua.

Jibu lilitoka Dallas, Texas. Michael Brown na Joseph Goldstein walikuwa wamefahamiana mwaka 1966 wakiwa madaktari wanagenzi katika hospitali moja ya Boston, na kufikia 1972 walikuwa wakifanya utafiti pamoja katika chuo cha tiba cha Dallas. Kwa kuwa ini la mgonjwa aliye hai halichukuliki kwa urahisi, walikuza seli za ngozi katika vyombo vya maabara. Walipima kimeng'enya kinachosimamia utengenezaji wa lehemu, HMG-CoA riduktesi. Katika seli za mtu mzima wa afya, LDL ikiwekwa, kimeng'enya hutulia, kwa maana seli imekwisha kupata lehemu ya kuitosha. Katika seli za wagonjwa waliorithi jeni mbovu mbili, kimeng'enya kiliendelea kufanya kazi kwa nguvu, LDL iwepo isiwepo.

Ilikuwa rahisi kudhani kwamba kimeng'enya chenyewe ndicho kibovu. Jaribio moja lililofanywa kwa makini liliiondoa dhana hiyo. Walichukua lehemu, wakaiyeyusha katika alkoholi, hivyo ikaweza kupita kwenye utando bila kubebwa na LDL. Seli za wagonjwa zikazima kimeng'enya sawasawa na seli nyingine. Basi hitilafu ilikuwa mlangoni. Walipoitia LDL alama ya ayodini yenye mnururisho, seli zenye afya ziliishika kwa nguvu, za wagonjwa hazikuishika. Matokeo hayo ya 1973 na 1974 ndiyo yaliyothibitisha kuwapo kwa kipokezi, muongo mzima kabla jeni yake haijasomwa. Baadaye, pamoja na Richard Anderson, walionyesha kwamba vipokezi hukusanyika katika vishimo vidogo vya utando, huzama na mzigo wao, kisha hurudi juu, safari inayochukua kama dakika 10. Brown na Goldstein walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985.

Tokyo nako, Akira Endo wa kampuni ya Sankyo alikuwa amechunguza maelfu ya kuvu na vijidudu akitafuta kitu cha kuzuia kimeng'enya kilekile. Mwaka 1973 alikipata katika ukungu wa Penicillium citrinum. Dawa za jamii hiyo, statini, huipunguzia seli ya ini lehemu ya ndani, nayo hujibu kwa kuongeza vipokezi juu ya utando wake. Ya kwanza kuruhusiwa Marekani, lovastatini, ilipata kibali mwaka 1987.

Kwa moyo, faida ilionekana upesi. Kwa kiharusi hali ilitatanisha. Mwaka 1995 uchambuzi uliounganisha takwimu za watu 450,000 haukuona uhusiano wa jumla kati ya lehemu na kiharusi, na wapo walioamua kwamba lehemu haihusiki. Uamuzi huo ulikuwa wa haraka mno, kwani takwimu nyingi hazikutenganisha kuziba na kuvuja. Tangu 1989 utafiti wa wanaume zaidi ya 350,000 wa Marekani ulikuwa umeonyesha kwamba lehemu nyingi huendana na vifo vya kiharusi cha kuziba, ilhali kile cha kuvuja kiliwapata zaidi wenye lehemu kidogo na shinikizo la juu la damu. Mwaka 2002 jaribio la Uingereza lenye watu 20,536 lilionyesha statini ikipunguza kiharusi kwa robo. Lile la SPARCL, 2006, liliwahusu watu waliokwisha kupata kiharusi au dalili zake za muda: kiharusi kilipungua kwa asilimia 16, ingawa vya kuvuja vilikuwa 55 kwa waliotumia dawa dhidi ya 33 kwa waliopewa dawa bandia.

Shinikizo la juu la damu limebaki kisababishi kikuu cha kiharusi kinachozuilika, na huko pia protini ya juu ya seli ina nafasi yake. Losartani huziba kipokezi cha angiotensini katika misuli ya mishipa. Katika jaribio la LIFE la 2002 ilipunguza kiharusi kwa robo ikilinganishwa na atenololi, dawa nyingine ya shinikizo.

Sura ya mwisho ilifunguliwa Paris mwaka 2003, Marianne Abifadel na Catherine Boileau walipohusisha lehemu nyingi ya kurithi na jeni ya PCSK9. Protini yake hukishika kipokezi cha LDL na kukipeleka kuharibiwa ndani ya seli. Mwaka 2005 Helen Hobbs na Jonathan Cohen, Dallas, waligundua kwamba Wamarekani weusi wapatao 2 kati ya 100 wana nakala ya jeni hiyo isiyofanya kazi, nao wana lehemu kidogo maisha yao yote. Mwaka 2007 mojawapo ya nakala hizo ilipatikana kwa wanawake wa Zimbabwe; mmoja wao alikuwa amerithi mbili, na LDL yake ilikuwa ndogo ajabu ilhali mwenyewe ni mzima. Kingamwili za kuzuia PCSK9 ziliruhusiwa mwaka 2015. Katika jaribio la FOURIER la 2017, lenye wagonjwa 27,564 waliokuwa tayari wakitumia statini, kiharusi kilipungua kwa takribani moja ya tano, na kile cha kuvuja hakikuongezeka.