Chini ya Kitambaa Kulikuwa na Daftari

Mara ya kwanza kukutana na jina la kitabu cha Christina Lamb, The Sewing Circles of Herat, nilidhani ni kitabu cha ufundi wa kushona. Kumbe hata Taliban walidhani hivyohivyo, na ndiyo maana ile shule ilidumu.

Herat ni mji wa magharibi mwa Afghanistan, karibu na mpaka wa Iran, na una sifa ya kale ya ushairi. Katika karne ya 15, malkia Gawharshad alijenga hapo msikiti na madrasa. Taliban walipouteka mji huo mwaka 1995 wakawafungia wasichana shule. Kushona, hata hivyo, kuliruhusiwa. Basi wanawake wakaenda “kushona”. Shule yao iliitwa Sindano ya Dhahabu. Juu ya mfuko kulikuwa na vitambaa na mikasi, na chini yake daftari. Ndani walimkuta Muhammad Ali Rahyab, profesa wa Chuo Kikuu cha Herat, akiwafundisha fasihi. Watoto walicheza nje kama walinzi. Akitokea polisi wa maadili, taarifa inaingia ndani, vitabu vinafichwa na sindano zinashikwa.

Mmoja wa wanafunzi hao alikuwa Nadia Anjuman, aliyezaliwa mwaka 1980. Taliban walipoondolewa mwaka 2001 aliingia chuo kikuu, na mwaka 2005 akatoa diwani yake, Gul-e-dodi. Novemba mwaka huohuo alifariki baada ya kupigwa nyumbani kwake. Alikuwa na miaka 24. Namtaja mapema ili tusije tukajidanganya kwamba mlango wa darasa ukifunguka basi kila kitu kimekwisha.

Sasa tuje kwenye intaneti. Julai 2001, miezi michache kabla hawajaanguka, Taliban waliipiga marufuku. Baada yao mambo yalikwenda kasi: kampuni za simu zikaingia, shule zikafunguliwa. Mwaka 2010, katika mji uleule wa Herat, Roya Mahboob alianzisha kampuni ya programu za kompyuta, kisha akasaidia wasichana kupata maabara za kompyuta. Yaani kutoka sindano hadi kompyuta ilichukua takriban miaka kumi tu.

Agosti 2021 Taliban wakarudi. Tarehe 23 Machi 2022 wasichana wa sekondari walivaa sare, wakafika shuleni, wakarudishwa nyumbani asubuhi ileile. Desemba 2022 vyuo vikuu navyo vikafungwa kwao. Mwaka 2024 UNESCO ilihesabu wasichana wasiopungua milioni 1.4 walionyimwa sekondari.

Safari hii mfuko wa kushonea umekuwa simu. University of the People, chuo kinachofundisha mtandaoni, kiliwafungulia ufadhili. SOLA, shule ya bweni ya wasichana iliyoanzishwa na Shabana Basij-Rasikh, ilihamia hapa jirani, Rwanda, mwaka 2021, na baadaye ikaanza kutuma masomo kwa WhatsApp. Radio Begum ilirusha masomo hewani, na mwaka 2024 ikaja televisheni ya Begum, inayorushwa kwa setilaiti kutoka Paris.

Ukubwa wake ndio unaonishangaza. Chumba cha Rahyab kilibeba wachache wa mji mmoja, lakini simu inaweza kumfikia binti wa Bamyan, milimani, ambaye hajawahi kuiona Herat. Hapo mtandao umeshinda sindano, tena kwa mbali.

Ila kuna kitu kimoja sindano ilikuwa nacho. Tarehe 29 Septemba 2025 intaneti ilizimwa Afghanistan nzima, takriban kwa siku mbili. Benki zikakwama, ndege zikakwama, na madarasa yote ya simu yakanyamaza kwa mpigo mmoja. Chumba cha Herat kingeweza kuvamiwa, lakini hakuna mtu aliyeweza kukizima kutoka mbali kwa kubonyeza swichi. Na kama kimoja kingevamiwa, kingine mtaa wa pili kingeendelea.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kirahisi tu, “Si wasome mtandaoni?” Nawauliza: bando ananunua nani? Umeme ukikatika, simu inachajiwa wapi? Na swichi iko mkononi mwa nani? Kupanua mtandao maana yake isiwe kuvuta waya mmoja mnene zaidi. Iwe redio pamoja na setilaiti, na masomo yanayopakuliwa yakakaa kwenye kadi ya kumbukumbu, yasomeke hata mtandao usipokuwepo. Njia zikiwa nyingi, mkono mmoja hauwezi kuzifunga zote.

Hata hivyo, kuna masomo yasiyoingia kwenye kioo. Desemba 2024 wanawake walizuiwa pia kusomea ukunga na uuguzi. Unaweza kusoma anatomia usiku kucha chini ya blanketi, lakini kumpokea mtoto anayezaliwa unajifunzia wodini, pembeni ya mkunga mzoefu. Katika nchi ambayo mara nyingi mwanamke hutibiwa na mwanamke mwenzake, hilo pengo atalilipa mama mjamzito.

Nikiwafikiria wale wanawake wa Herat, sioni kama waliupenda ule mfuko. Walioutaka ni usomi uliokuwa chini yake, wausome mchana, bila mtoto kulinda mlango. Vivyo hivyo simu ya leo. Tuilipie, tuilinde, tuiongezee njia, lakini tusiwapongeze kwa kujificha vizuri tukasahau kudai wafunguliwe shule.