Malale na nagana: kwa nini mpaka leo hakuna chanjo

Bandugu wahitimu, mfugaji akituuliza kwa nini ngombe anachanjwa juu ya kimeta lakini si juu ya nagana, jibu liko ndani ya kiini cha seli. Wanasayansi walichukua karibu miaka mia moja kulifikia.

Katika miaka ya 1890, kule Zululand, David Bruce alionyesha kama nagana inaletwa na trypanosoma, na nzi tsetse njo anaibeba. 1903, Entebbe, Castellani na Bruce wakaikuta kwa wagonjwa wa malale. 1904, Broden akiwa Léopoldville, Kinshasa ya leo, akaeleza ile tunaita Trypanosoma congolense.

1910, Ross na Thomson wa Liverpool walihesabu vimelea kila siku katika damu ya mgonjwa mmoja. Hesabu ilipanda, ikashuka, ikapanda tena. Juu ya nini? 1969, Keith Vickerman alionyesha kama kimelea kinavaa koti ya protini. Mwili ukishajua koti ile unaua wengi, lakini wachache wamekwisha kuvaa ingine, na hao njo wanazaana.

Makoti yanatoka wapi? Trypanosoma brucei iko na jeni za koti zaidi ya elfu moja, karibu zote zimelala. Ili koti ivaliwe, jeni yake lazima isomwe kwenye kituo kilicho karibu na ncha ya kromosomu, yaani telomeri. Vituo ni karibu 15, lakini kinasomwa kimoja tu kwa wakati.

2001, Miguel Navarro na Keith Gull waliona sababu: ndani ya kiini kuna kachumba kamoja, nje ya nukleoli, ambamo mashine ya kusoma jeni imekusanyika. Kituo kinachofanya kazi kiko mule. Vingine vinabaki nje, kimya.

Kwa hiyo chanjo inayofundisha mwili koti ya leo, kesho haina maana. Kwa watu, tumepata dawa: feksinidazoli, vidonge vilivyojaribiwa sana hapa Kongo, ikakubaliwa na wakala wa Ulaya 2018. Kwa ngombe, tumwambie mfugaji ukweli: asingojee sindano ya chanjo. Atege nzi, apime mnyama, atoe dawa kwa kipimo kamili, juu nusu kipimo kinafundisha kimelea kuizoea.