Ngao ya Jamii 2023: Singida Katika Mashindano ya Timu Nne

Ngao ya Jamii ni mashindano ya soka yanayofungua msimu wa Ligi Kuu ya Tanzania Bara. Awali yalikuwa mchezo mmoja wa timu mbili. Agosti 2023 yalishirikisha timu nne za juu za msimu uliotangulia. Mabadiliko hayo yaliufungulia mlango Mkoa wa Singida, kwani Singida Big Stars, iliyobadilishwa jina kuwa Singida Fountain Gate, ilikuwa imeshika nafasi ya nne nyuma ya Yanga, Simba na Azam.

Katika Uwanja wa Mkwakwani jijini Tanga, Singida ilitoka suluhu na Simba katika nusu fainali, ikatolewa kwa mikwaju ya penalti. Agosti 13, Simba ilitwaa Ngao kwa kuishinda Yanga kwa penalti 3-1, pia baada ya suluhu.