Mkenya anayeenda Rwanda kwa gari: Ukivuka Gatuna, hamia kulia

RWANDA ina eneo la kilomita mraba 26,338 pekee, chini ya nusu ya Kaunti ya Marsabit. Hata hivyo, msafiri asihadaike na udogo huo. Katika nchi hii ya vilima elfu moja, umbali hupimwa kwa saa wala si kwa kilomita.

Wakenya wengi hupitia Kampala na Kabale hadi mpaka wa Gatuna, uliofungwa Februari 2019 kufuatia mzozo wa Rwanda na Uganda, kisha ukafunguliwa tena Januari 31, 2022. Tangu 2014, kitambulisho cha taifa chatosha kuvukia. Gari nalo lihitaji cheti cha umiliki (au barua ya mwenyewe, ikiwa umeliazima) na bima ya COMESA, maarufu kama kadi ya njano.

Hatari kubwa huanzia hapo mpakani. Kenya na Uganda huendesha kushoto. Rwanda ni kulia. Usukani wa gari la Kenya uko upande wa kulia, kwa hivyo dereva hujikuta ameketi ukingoni mwa barabara, na lori lililo mbele humziba asione magari yanayokuja. Kulipita lori kwenye kona za mlimani katika hali hiyo ni kubahatisha maisha. Mwenzako aliyeketi kushoto ndiye aonaye, lakini hata yeye asikuharakishe. Ni heri kulifuata lori polepole hadi barabara inyooke. Kwenye mizunguko, tazama kushoto kwanza, kisha uingie kwa kulia. Makosa mengi hutokea asubuhi, dereva anapotoka hotelini barabara ikiwa tupu na mazoea ya nyumbani yakamrudia.

Kwenye miteremko, tumia gia ndogo badala ya kukanyagia breki mfululizo, maana zikipata moto hukosa nguvu. Kamera za polisi nazo hazijui mgeni.

Jijini Kigali, makumbusho ya Gisozi wamezikwa zaidi ya wahasiriwa 250,000 wa mauaji ya kimbari ya 1994. Yatengee nusu siku. Kaskazini, Musanze ndiyo lango la kuwaona sokwe wa milimani. Kibali hununuliwa mapema, na tangu 2017 ada ya kawaida kwa wageni wa kigeni ni dola 1,500. Kusini-magharibi, barabara ya Huye kwenda Rusizi hukata msitu wa Nyungwe, uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2023. Ukungu ni mwingi humo. Jaza mafuta kabla ya kuingia.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, na asubuhi hiyo shughuli nyingi husimama. Mifuko ya plastiki iachwe nyumbani. Ilipigwa marufuku 2008, miaka tisa kabla ya Kenya.

Kiswahili ni lugha rasmi tangu 2017, ingawa vijijini Kinyarwanda ndicho kitawale. Saa ya Rwanda iko nyuma ya yetu kwa saa moja: jua huzama karibu saa kumi na mbili jioni ya huko, na hakuna haja ya kuwa mlimani giza likiingia.