Moyo, Nafsi na Mauti katika Al-Inkishafi

Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mshairi wa Pate anayekadiriwa kuwa aliishi kati ya 1720 na 1820, aghalabu husomwa kama maombolezo ya mji ulioanguka. Usomaji huo una msingi. Pate, iliyotajirika kwa biashara ya Bahari ya Hindi, ilidhoofishwa na magomvi ya kugombea ufalme na vita na jirani zake, hata mnamo 1812 hivi majeshi yake, pamoja na ya Wamazrui wa Mombasa, yakashindwa na watu wa Lamu huko Shela. Lakini kuufanya utungo huu historia ya mji tu ni kuliacha swali lake kuu: mtu afapo, ni nani hasa anayekufa?

Swali hili limo katika namna ya usemi wenyewe. Mshairi hawahutubii watu wa Pate. Anauhutubia moyo wake, akiusaili na kuukemea. Mtu mmoja amekuwa wawili: anayeonya na anayeonywa. Wala moyo haukosi habari kwamba dunia ni sarabi na bahari iliyochafuka. Kosa lake si ujinga bali ukaidi: unajua, ila haukiri.

Hapa uteuzi wa neno una uzito. William Hichens katika toleo lake la 1939, na J. de V. Allen katika lile la 1977, waliupa utungo majina ya Kiingereza yanayotaja roho. Kiswahili lakini hutenga mambo haya. Roho humtoka mtu, naye husemwa amekata roho; nafsi, neno lenye asili ya Kiarabu, ni mtu kwa vile alivyo yeye mwenyewe. Moyo ni kiungo kipigacho kifuani, na papo hapo ni makao ya matamanio na maamuzi. Roho ikiambiwa habari za kaburi yaweza kujibu kwamba yenyewe itakuwa imekwisha kuondoka. Moyo hauna jibu hilo.

Kwa hiyo Pate imeletwa kama ushahidi. Kumbi zilizopambwa kwa vyombo vya kaure zimekuwa makao ya ndege na popo. Moyo ukikataa kusadiki, unaamrishwa uende ukajionee na uite; hautasikia sauti ya mtu, ila mwangwi. Na mwangwi ni sauti ya mwitaji mwenyewe: aliye hai awaulizapo wafu waliko, swali humrudia yeye.

Yaweza kupingwa kwamba utungo hauishii kaburini, bali huendelea hadi kuzitaja Jahanamu, na kwamba moyo wa nyama usingeweza kuhukumiwa huko. Pingamizi hili ni la haki, lakini laithibitisha hoja. Kinachofuata mauti ni hesabu ya yale moyo uliyoyataka na kuyakataa ulipokuwa hai. Nafsi itakayosimama kuulizwa ni ile iliyofanywa na moyo huo. Ndiyo maana mshairi auhutubia sasa, ungali waweza kugeuka.

Inkishafi maana yake ni kufunuka. Magofu ya Pate yalikuwa wazi kwa kila mpita njia. Kilichohitaji kufunuliwa ni moyo wa aliyeyatazama.