Vitabu Vitatu vya Habari za Kilwa

Mji ukiwa na magofu mazuri, watu hupenda kusimulia habari za wafalme waliojenga, wakawasahau waliobeba mawe. Hapa Mitole tumesoma vitabu vitatu vyenye habari za Kilwa na za watumwa wa pwani hii, navyo vimetufikirisha sana.

Cha kwanza ni kitabu cha safari za Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331. Aliusifu mji kwa uzuri wake, akamsifu na Sultani Hasan bin Sulaiman, ambaye kwa ukarimu wake aliitwa Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa. Asimulia kwamba siku ya Ijumaa fakiri mmoja wa Yemeni alimwomba sultani nguo alizovaa, naye akaenda kuzivua papo hapo akampa. Kisha mwana wa sultani akazichukua tena zile nguo, akampa fakiri watumwa kumi badala yake. Sultani aliposikia jinsi watu walivyomsifu, akaongeza watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe. Ukarimu huo wapendeza kuusoma. Lakini je, wale ishirini walikuwa nani? Walitoka kijiji gani? Mwandishi hakuuliza, kwake walihesabiwa pamoja na pembe.

Cha pili ni kitabu cha Freeman-Grenville juu ya Wafaransa katika kisiwa cha Kilwa, kilichopigwa chapa mwaka 1965. Humo twasoma mkataba wa Septemba 1776 baina ya Sultani wa Kilwa na Mfaransa Morice. Sultani aliahidi kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka, bei ya kila mtu riale 20, na sultani mwenyewe apate zawadi ya riale 2 kwa kila kichwa. Walitakiwa kwa mashamba ya visiwa ambavyo leo ni Mauritius na Réunion. Twasikia mara nyingi ya kuwa biashara hiyo ilikuwa ya Waarabu peke yao. Karatasi hii yatukataza kusema hivyo. Muuzaji alikuwa mtu wa pwani, mnunuzi alitoka nchi ya Kikristo, na aliyewakamata huko bara mara nyingi alikuwa Mwafrika mwenzao. Hakuna mmoja awezaye kumnyoshea mwenzake kidole.

Cha tatu ni Uhuru wa Watumwa, cha James Mbotela, kilichotolewa mwaka 1934. Mbotela alikuwa mwana wa mtumwa aliyeokolewa, akalelewa Freretown karibu na Mombasa, kijiji kilichoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliowekwa huru. Awashukuru Waingereza kwa maneno mengi, hata msomaji wa leo aweza kuona kwamba shukrani zimezidi. Hata hivyo kitabu hiki tunakipenda kupita vile viwili, kwa sababu humo mtumwa si hesabu tena. Ana baba na mama, ana njaa na hofu, naye asimuliwa na mwanawe kwa Kiswahili chetu.

Habari hizi si za mbali nasi. Katika miaka ya 1860 watu zaidi ya elfu kumi kila mwaka walipitishwa Kilwa Kivinje, wengi wao wakitoka upande wa Nyasa, wakivuka nchi hii ya bara ya Kilwa kwa miguu. Biashara ya baharini ilikatazwa kwa mkataba wa Sultani Barghash mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe haukufutwa kwa sheria Tanganyika mpaka mwaka 1922.

Basi, yuko mzee aliyesikia kwa bibi yake jina la mtu aliyechukuliwa, au la mtu aliyetoroka msafara akabaki hapa. Twawasihi vijana wajuao kuandika, waketi naye, waliandike jina hilo. Sultani ana magofu yake Kisiwani. Hawa hawana kaburi, na jina likipotea hawana kitu.