Alhamisi Kuna Mazoezi

Mjomba alitoka gerezani kwa msamaha wa Rais wa Sikukuu ya Muungano, Aprili 26. Alipanda gari Kilosa, akapitia Ulaya, akashuka Mikumi na kiroba kimoja. Mama alimpikia wali. Majirani walimsalimu kutoka ng'ambo ya uzio. Wiki mbili hakutoka nje.

Aliyemtoa ni mzee wa kikundi cha ngoma. Habari za kesi hakuuliza. Alisema tu: "Mdogo wangu, Alhamisi kuna mazoezi. Chapuo haina mpigaji."

Wakati huo nilikuwa nasoma historia chuoni, na maneno ya yule mzee yalinikumbusha beni. Ngoma hiyo ilizuka pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, vijana wakiiga bendi za kijeshi. Jina lenyewe linatokana na bendi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, askari na wapagazi waliorudi makwao, baadhi wakitoka kambi za mateka, waliieneza Tanganyika. Reli ya Kati, hii inayopita Kilosa, ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914, na wachezaji walisafiri nayo.

Vyama vikubwa vilikuwa viwili, Marini na Arinoti. Wanachama walijipa vyeo vya kijeshi, na mkuu wao aliitwa kingi. Lakini vilevile walichangishana. Mgeni katika mji asioujua alipokewa na wenzake wa chama; aliyeugua aliuguzwa, aliyekufa alizikwa. Maofisa wa Kiingereza waliyaona magwaride wakahofia uasi. Nadhani walitazama sana sare, wakasahau michango. Mtu aliyekuwa jina tu katika orodha ya mateka alifika kituoni akakuta watu wanamngoja.

Mjomba naye alingojwa, ila si na wote. Mpiga manyanga wa kikundi ni mwenye duka ambalo mjomba alilivunja. Alhamisi ya kwanza hakumtazama usoni. Hata hivyo, manyanga hayaendi bila kusikiliza chapuo, na chapuo hivyohivyo. Walisikilizana hadi magharibi, kila mtu akashika njia yake.

Habari za duka hawajazizungumza mpaka leo, na mjomba hakopeshwi hata kiberiti. Lakini akichelewa mazoezini, mwenye duka ndiye wa kwanza kuuliza: "Wa chapuo yuko wapi?"